Somo: Kijana wa nyumbani anayekesha – anzeni na saa ya kuamka

Somo hili ni la mzazi, shangazi au kaka mkubwa anayeishi na kijana wa miaka 18 hadi 25 ambaye saa 8 usiku yuko macho na saa 5 asubuhi bado amejifunika shuka. Kabla hujamwita mvivu, fahamu kwamba katika umri huo saa ya mwili huchelewa: usingizi humjia usiku zaidi kuliko mtu mzima wa miaka 40, na bado anahitaji kulala muda wa saa 7 hadi 9. Kama amemaliza masomo na hajapata kazi, hakuna kinachomwamsha, na saa hiyo inazidi kuchelewa.

Usingizi hauji kwa amri. Saa ya kuamka ndiyo mnayoweza kuipanga, kwa hiyo shikeni hiyo.

Hatua ya 1: Zungumzeni mchana. Usiku kila mtu amechoka na maneno huwa makali. Ni mtu mzima, mpango uwe wake. Muulize: "Ungependa uwe unaamka saa ngapi, nami nikusaidieje?" Anayetolewa kitandani kwa makelele hufuata siku chache tu, kisha anarudi palepale.

Hatua ya 2: Daftari kwa wiki 2. Kila asubuhi aandike: alipanda kitandani saa ngapi, anadhani usingizi ulimchukua saa ngapi, aliamka mara ngapi, alitoka kitandani saa ngapi. Aongeze chai, kahawa, enaji (vinywaji vya kuongeza nguvu), mirungi, pombe na kulala mchana. Akadirie tu. Asichungulie saa usiku, maana kuhesabu muda uliobaki kabla hakujakucha ndiko kunakomtia wasiwasi.

Sasa lisomeni daftari. Akilala saa 9 usiku hupitiliza vizuri hadi saa 5 asubuhi? Basi usingizi anao, umechelewa tu: nendeni hatua ya 3. Kama hukaa macho hata akipanda kitandani amechelewa, au huamka mara kwa mara, nendeni hatua ya 4.

Hatua ya 3: Kuirudisha saa ya mwili. Kama sasa anaamka saa 5, siku mbili za kwanza aamke saa 4 na nusu, siku mbili zinazofuata saa 4, na kuendelea. Akishaamka tu atoke nje kwa dakika 30: apige mswaki uani, afagie, aende dukani kununua mkate. Kukaa sebuleni pazia likiwa limefungwa hakutoshi.

Wengi huharibu hapa kwa kumkurupusha saa 12 asubuhi siku ya kwanza. Kwa aliyezoea kulala saa 9 usiku, mwili wake wakati huo bado uko katikati ya usiku, na mwanga wa saa hiyo unaweza kuuchelewesha usingizi zaidi. Kosa la pili ni Jumamosi na Jumapili. Akilala hadi adhuhuri siku hizo mbili, kazi ya wiki nzima imepotea. Asipitilize saa yake ya kuamka kwa zaidi ya muda wa saa moja.

Hatua ya 4: Kupunguza muda wa kitandani. Hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo inayoogopwa. Tuseme daftari linaonyesha hukaa kitandani muda wa saa 9 lakini hulala 6 tu. Saa 3 zilizobaki anagaagaa, na mwili unajifunza kwamba kitanda ni mahali pa kuwaza. Basi apewe saa 6 tu: apande kitandani saa 7 usiku, atoke saa 1 asubuhi, kila siku. Muda huo usishuke chini ya saa 5 na nusu.

Wiki ya kwanza atasinzia mchana na kununa. Ni dalili kwamba hamu ya usingizi inajikusanya, msimhurumie kwa kumwacha alale alasiri. Kila mwisho wa wiki pigeni hesabu: akiwa amelala zaidi ya asilimia 85 ya muda wa kitandani, mwongezeeni dakika 15, yaani apande saa 7 kasorobo. Endeleeni hivyo hadi mchana awe mchangamfu.

Akikaa macho kama dakika 20 kwa kukadiria, bila kutazama saa, atoke kitandani, akae kwenye mwanga hafifu, arudi macho yakiwa mazito.

Kijana mwenye kifafa, anayeendesha bodaboda au mashine, au aliyewahi kuugua ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka asifanye hatua hii bila daktari.

Hatua ya 5: Vinavyoiba usingizi. Nusu ya kafeini, kichangamshi kilichomo kwenye chai na kahawa, huwa bado imo mwilini muda wa kama saa 5 baada ya kunywa, kwa hiyo chai ya rangi, kahawa na enaji viishe saa 8 mchana. Mirungi ni kichangamshi, nayo humkesha mtu. Pombe humlaza haraka, kisha humwamsha alfajiri. Simu ichajiwe sebuleni. Akisema anaitaka kwa kengele, nunueni saa ndogo ya mezani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama, Tabora: Shikamoo mwalimu. Wanalala watatu chumba kimoja. Akitoka kitandani aende wapi?
Jibu: Marahaba. Mkeka na mto pembeni ya ukuta vinatosha. Muhimu aketi, asilale.

Baba, Temeke: Hukesha kwa sababu bando la usiku ni rahisi.
Jibu: Linganisha gharama, mzee wangu. Ukimchangia bando dogo la mchana, sababu ya kukesha inapungua. Kumnyang'anya simu huleta ugomvi tu.

Dada, Nakuru: Nimpe Piriton alale?
Jibu: Hapana. Humwacha mzito asubuhi, na mwili huizoea upesi. Diazepam, dawa ya kutuliza na kulaza, ya kununua bila cheti cha daktari ni hatari zaidi, kwani huleta utegemezi.

Mama, Tanga: Binti yangu husema miguu inamtambaa akilala, mpaka aitikise.
Jibu: Mpeleke akapimwe akiba ya madini ya chuma, hasa kama hedhi yake ni nyingi. Upungufu wake unaweza kuleta hali hiyo.

Mwanachama asiyetaka kutajwa: Anatumia dawa za VVU zenye dolutegravir na hapati usingizi.
Jibu: Dawa hiyo inaweza kuleta hali hiyo. Aulize kliniki kama anaweza kuinywa asubuhi badala ya usiku. Asiache dozi hata moja.

Kaka, Kigoma: Mdogo wangu halali usiku kucha, lakini hachoki, anaongea haraka na kugawa fedha ovyo.
Jibu: Acha hatua zote hapo juu. Mpeleke hospitali leo, kwenye kliniki ya afya ya akili, na usimwache peke yake. Fanya vivyo hivyo kwa kijana yeyote anayezungumzia kujiua.