Kabla hujaweka simu kando wiki mbili, panga haya kwanza

Mwaka jana nilizima simu Ijumaa jioni bila kuambia mtu yeyote, nimechoka na TikTok na magrupu, nikasema wacha nipumzike. Jumamosi shangazi akalazwa. Habari ikatumwa kwa grupu ya familia, wote wakaenda kumwona, mimi nikajua Jumatatu usiku. Aliniuliza tu "mwanangu, ulikuwa wapi?" na hilo swali sijalisahau.

Kwa hivyo panga kwanza, maana hapa Nairobi pesa, stima, chama na wazazi wote wako ndani ya simu, na ukiiacha ovyo siku ya pili utairudia tu.

Amua unapumzika na nini hasa. Mimi nilikuja kuona meseji na kupigiwa simu havinisumbui hata kidogo, kinachonimaliza ni ile kuskroli ya saa sita usiku, basi dawa ikawa kabambe, ile simu ndogo ya vitufe. Lakini usingoje siku yenyewe ndio uhamishe laini! Laini za siku hizi ni zile ndogo sana na kabambe nyingi zina tundu kubwa, kwa hivyo tafuta kile kifremu cha plastiki cha kuivalisha, la sivyo itakwama huko ndani. Halafu namba zako ziko kwa akaunti ya Google, haziko kwa laini, ukiwasha kabambe utakuta majina ya watu wa zamani ambao hata hamuongei tena. Chukua daftari, andika kwa mkono namba ya mama, ya bosi, ya keateka wa nyumba, ya shule ya mtoto, ya mtu wa boda unayemwamini, na uziseivu moja moja usiku mmoja kabla.

Pesa isikutishe. M-Pesa inafanya kazi kwa kabambe vizuri tu, kwa menyu ya laini au *334#, PIN ni ile ile, na tokeni za stima bado unalipia paybill 888880. Hata zile namba za siri za benki (OTP) zinazokuja kwa meseji zitakufikia. App ya benki ndio hutakuwa nayo, kwa hivyo rent na fees lipa mapema.

Watu sasa, na hapa usiharakishe. Mpigie mama, usimtumie meseji, umwambie kwa sauti yako kwamba uko salama na namba ni ile ile. Mwambie treasurer wa chama. Kisha chagua mtu mmoja, mimi ni binamu yangu, awe macho yako kwa grupu, kukiwa na msiba, ugonjwa au mchango anakupigia mara moja.

Akaunti usizifute kwa hasira. Ukiomba Facebook, Instagram au TikTok wafute, una siku 30 za kubadilisha mawazo, zikipita picha zako zimeenda, kwa hivyo kama ni mapumziko tu chagua kuisimamisha kwa muda. WhatsApp iache ilivyo, akaunti hufutwa ikikaa siku 120 bila kutumika, wiki mbili haziifanyi kitu.

Mikono nayo itafutie kazi ya kwenye matatu. Jam ya Thika Road bila simu ni ndefu ajabu siku mbili tatu za kwanza, mkono unaingia mfukoni wenyewe. Beba kitabu, au pita McMillan pale Banda Street, hiyo maktaba iko hapo tangu 1931 na ndani kuna utulivu ambao kwa tao huupati kwingine.

Na simu kubwa isilale kwako. Ikikaa na wifi ya nyumba inaendelea kulia hata bila laini. Yangu nampea dada yangu Umoja, mimi niko Kasarani, ameifungia kwa kabati na ameambiwa asinipe kabla ya tarehe tuliyoandika kwa karatasi, hata nikimpigia nikilia.