Barua za zamani ziko wapi? Kutafuta kumbukumbu baada ya kuhamia Microsoft 365

Tulimaliza kuhamisha masanduku 34 ya barua pepe Jumamosi usiku, kutoka kwenye seva iliyokuwa ikiunguruma chini ya ngazi hadi Exchange Online, huduma ya barua pepe ya Microsoft iliyo kwenye wingu. Jumapili nililala. Jumatatu saa mbili na robo asubuhi mhasibu wetu alikuwa amesimama mlangoni, miwani juu ya kichwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, barua zangu za 2019 umezipeleka wapi?"

Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha, Kurasini, Dar es Salaam. Barua ya miaka mitano nyuma kwetu si takataka: ndiyo ushahidi nani alichelewesha kontena na nani alipe gharama za kuchelewa. Kwa hiyo sikumjibu "subiri kidogo". Nilifungua kivinjari, nikamwomba aingie kwenye akaunti yake kupitia outlook.office.com.

Anzeni hapo kila mara. Kivinjari kinaonyesha kilichopo kwenye seva yenyewe. Barua ikionekana pale, haijapotea; Outlook, programu ya barua ya kwenye kompyuta, ndiyo haijaishusha. Kwa kawaida Outlook hushusha miezi 12 tu ya barua, na ukifika chini kabisa ya folda utakuta mstari mdogo unaosema zipo zaidi kwenye seva. Watu hawausomi. Unaweza kuingia kwenye mipangilio ya akaunti, ukasogeza kile kitelezi cha kushusha barua hadi mwisho. Ila kama kompyuta ina diski ya GB 128 na sanduku lina GB 40, usithubutu. Mfundishe mwenyewe kubofya ule mstari.

Barua za mama hazikuwa kwenye kivinjari pia. Hapo ndipo neno "archive" linapoponza watu, maana Outlook ina vitu vitatu vyenye jina hilo. Kuna folda ya Archive, iliyo ndani ya sanduku lilelile. Barua huenda huko ukibofya kitufe cha Archive, au ukigusa Backspace bila kukusudia. (Kijana wetu wa mapokezi alikuwa na barua 600 humo na hakujua.) Kuna Online Archive, sanduku la pili lililo kwenye wingu. Na kuna faili la archive.pst, ambalo Outlook za zamani zilikuwa zikilijaza zenyewe na kuliweka kwenye diski ya kompyuta.

Faili la PST halijawahi kuwa kwenye seva, kwa hiyo hakuna aliyelihamisha. Ukimtengenezea mtu wasifu mpya wa Outlook, faili linabaki palepale lilipo, ila halionekani tena. Tafuta *.pst kwenye diski zote, si kwenye Documents peke yake. La mama lilikuwa D:, ndani ya folda iliyoitwa "Picha za harusi", GB 11. Funga Outlook, nakili faili pembeni kwanza, kisha lifungue kupitia File, Open & Export. Usilifungue likiwa kwenye diski ya mtandao wa ofisi; PST huharibika kirahisi huko. Barua aliyokuwa akiitafuta, ya wakala wa meli, tuliipata, akaichapa, akaitoboa, akaiweka kwenye faili gumu la bluu. Zilizobaki nilizihamishia Online Archive mwaka mmoja mmoja, jioni, watu wakiwa wameacha kutumia intaneti.

Tatizo la mkurugenzi lilikuwa jingine, na lilinisumbua zaidi. Sanduku lake lilifika GB 47 kati ya 50, Online Archive imewashwa, sera ya kuhamisha barua zenye zaidi ya miaka 2 ipo, lakini hakuna kilichosogea. Niliuliza PowerShell, dirisha la kuandikia amri za msimamizi (weka jina la mwenye sanduku palipo na "jina"):

Get-Mailbox jina | fl ArchiveStatus, RetentionPolicy, RetentionHoldEnabled, ElcProcessingDisabled

RetentionHoldEnabled ilikuwa True, yaani sera imesimamishwa kwa sanduku hilo. Tuliiwasha wenyewe kabla ya kuhamisha, ili sera isianze kusogeza barua katikati ya kazi, halafu tukasahau. Na ukiingiza PST kwa huduma ya Microsoft ya kupakia mafaili, yenyewe huiwasha bila kukuuliza na haiizimi. Dawa:

Set-Mailbox jina -RetentionHoldEnabled $false
Start-ManagedFolderAssistant jina

Baada ya hapo, subira. Managed Folder Assistant, kisaidizi cha Microsoft kinachotekeleza sera, hupitia kila sanduku angalau mara moja kwa siku 7. Amri inakihimiza tu, haikiburuzi. Angalia kesho yake kwa Get-MailboxStatistics jina -Archive, uone kama idadi imepanda. Na usijaribie kwenye sanduku jipya ulilolitengeneza kwa majaribio: lililo chini ya MB 10 halipitiwi kabisa. Nusu siku yangu iliishia hapo, nikidhani sera ndiyo mbovu.

Kama folda moja tu inakataa kusogea, bofya kitufe cha kulia juu yake uangalie sera yake. Mwenye sanduku anaweza kuwa aliiwekea alama ya kutohamishwa kamwe, na alama ya mtu hushinda sera ya jumla. Barua zenye viambatanisho vizito kupita kiasi nazo hubaki nyuma. Sanduku la pamoja, kama lile la info@, nalo linahitaji leseni ndipo lipate Online Archive. Bila leseni utahangaika bure.

Kuna jambo moja ambalo huwezi kulitengenezea kwenye wingu. Kama zamani mlitumia programu ya pembeni ya kuhifadhi barua, utakuta barua zenye mistari miwili na kiungo cha kubofya. Hilo ni ganda. Kiini kiko kwenye seva ya zamani, na kiungo kinaelekea huko. Lazima ile programu irudishe viini ndani ya maganda kabla hamjaizima seva. Kwetu zimebaki folda mbili za mkurugenzi. Seva bado inaunguruma chini ya ngazi, na nimeibandikia karatasi: USICHOMOE.