Anzia kwenye bomba la maji: namna ya kujenga wema katika shule ya msingi, hatua kwa hatua

Nafundisha shule ya msingi ya serikali, darasa la tatu, watoto 94 katika mkondo mmoja, na juu ya hapo ni mwalimu wa malezi. Kwa miaka mingi kazi ya malezi niliifanya kwa mdomo. Jumatatu mstarini nawaambia watoto wapendane, wanaitikia kwa sauti moja "Ndiyoo mwalimuu", kisha saa nne, wakati wa mapumziko, mmoja anarudi na shati limechanika na mwingine anavuja damu puani.

Nilichelewa kugundua kwamba watoto wale hawakuwa na roho mbaya. Bomba lilikuwa moja.

Mwongozo huu unaanzia hapo. Ninaouandika ndio utaratibu tulioufuata, pamoja na pale tulipojikwaa. Haukuhitaji fedha za mradi. Ulihitaji muhula mmoja na mwalimu mmoja asiyechoka haraka.

Hatua ya 1: Waulize watoto ugomvi unazaliwa wapi

Chora ramani ya shule chini kwa kijiti: madarasa, ofisi, vyoo, bomba, jiko la uji, uwanja, lango. Mpe kila mtoto punje moja ya hindi na kokoto moja. Punje aiweke mahali anapopapenda, kokoto mahali anapopaogopa. Asitaje jina la mtu yeyote.

Fanya kwa makundi madogo, wasichana peke yao na wavulana peke yao, na usichanganye wa la pili na wa la saba, maana mdogo atatupa kokoto yake pale ilipo ya mkubwa. Viranja wasiwepo. Hili la viranja nililipuuza mara ya kwanza, na kokoto zote zikaenda langoni, mahali ambapo hapana kitu chochote cha kuogopa.

Tuliporudia, kokoto zilijaa bombani, zikafuata foleni ya uji na kinjia cha nyuma ya vyoo. Hayo niliyategemea. Sikutegemea kwamba wasichana watano wa darasa langu wangeziweka kwenye meza yangu. Nilikaa na jambo hilo siku mbili bila kumwambia mtu.

Hatua ya 2: Chagua mahali pamoja na tendo moja

Hapa ndipo shule nyingi zinapotea. Tunaandika ukutani "Heshima, Upendo, Nidhamu" kwa rangi ya mafuta, pembeni ya "Elimu ni ufunguo wa maisha", tukidhani tumemaliza. Mtoto wa miaka saba hajui heshima inafananaje saa nne asubuhi akiwa na kiu.

Kipimo changu ni hiki: mtu anayepita nje ya uzio angeweza kuliona tendo hilo kwa macho? "Kuwa na upendo" halionekani. "Wakubwa wanawashikia wadogo ndoo" linaonekana. Sisi tulichagua hilo: wa awali na wa la kwanza wanachota kwanza, na aliye nyuma yao anawashikia ndoo. Andika linalotakiwa kufanywa, usiandike linalokatazwa. Ukiandika "Msisukumane", neno litakalobaki kichwani mwa mtoto ni kusukumana.

Mahali pa pili pasubiri mpaka pa kwanza pakae sawa. Kwetu ilichukua wiki sita.

Hatua ya 3: Rekebisha kitu kabla ya kumrekebisha mtoto

Kama watoto mia tisa wana bomba moja na dakika 30, hakuna wimbo wa upendo utakaowatosha. Tulifanya mambo mawili. Kwanza, tuliwatoa wa awali hadi la pili dakika kumi mapema. Ratiba ya mapumziko ni karatasi tu, mwalimu mkuu akikubali inabadilika asubuhi moja.

Pili, tulitengeneza vibuyu chirizi ili wanaotaka kunawa tu wasiungane na wanaochota. Kama hujawahi: dumu la lita 5 linatobolewa tundu dogo karibu na mfuniko, linaning'inizwa kwenye mti mlalo, kamba inafungwa kwenye shingo yake hadi kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika. Chini weka kokoto pasigeuke tope, na sabuni itoboe uipitishe uzi, la sivyo itatembea. Darasa la sita walitengeneza vinane mchana mmoja wakiwa kwenye somo la sayansi.

Ugomvi mwingi ulikufa hapo, kabla sijafundisha neno hata moja. Nilijisikia vibaya kidogo nikikumbuka ni watoto wangapi nilikuwa nimewaadhibu kwa kosa la bomba.

Hatua ya 4: Fundisha kwa igizo, pale pale penyewe

Usifundishie darasani. Wapeleke bombani, dakika kumi zinatosha. Onyesha kwanza namna mbaya, na nafasi ya mkorofi ichukue wewe mwalimu. Usimpe mtoto: akiicheza vizuri jina la utani litamganda hadi darasa la saba. Mimi huwasukuma, nalia "Nimewahi!", namwaga maji, nao wanakufa kwa kicheko. Halafu watoto wanaonyesha namna nzuri, kundi baada ya kundi.

Wape na maneno, kwa sababu mtoto husukuma pale anapokosa la kusema. Tulianza na manne: "Pita wewe kwanza." "Naomba nafasi." "Acha, sipendi." "Twende kwa mwalimu." Katika darasa la kwanza kuna ambao Kiswahili chao bado ni cha kuokoteza, waache waigize kwa lugha ya nyumbani kwanza, Kiswahili kitafuata.

Hilo la "twende kwa mwalimu" linahitaji maelezo, maana watoto wanaogopa kuitwa wambea. Mimi huwaambia: kusemea ni kutaka mwenzako aadhibiwe, kutoa taarifa ni kutaka mtu asaidiwe. Siku hiyo hiyo wanaanza kunijia wakisema "Mwalimu, hii siyo kusemea", halafu wanasemea. Ni sawa, wanajifunza.

Hatua ya 5: Sifia tendo, na ufute orodha ya wapiga kelele

"Hongera, mtoto mzuri" haimfundishi mtoto chochote. "Nimekuona ulivyomshikia ndoo yule wa awali, hata kandambili zake hazikulowa" inamwambia alichofanya na kilichotokana nacho. Sema mapema, siku ile ile. Wengine hawapendi kusifiwa mbele ya watu. Hao wanong'oneze ukipita kwenye dawati.

Kuhusu zawadi nilikosea. Nilianza na pipi kwa kila tendo jema. Wiki ya pili nikamshuhudia mvulana akiangusha mkebe wa jirani yake kwa makusudi, apate kuuokota nikimwona. Pipi ziliishia hapo.

Sasa orodha. Kila aliyesoma nchi hii anaikumbuka: mwalimu akitoka, kiranja anashika chaki na kuandika wapiga kelele ubaoni. Mwenye ubuyu wa kifuko au karanga za kumpa kiranja anafutiwa jina. Tunamkabidhi mtoto wa miaka tisa mamlaka ya kuadhibisha, kisha tunashangaa akila rushwa. Nilichofanya ni kumwachia kiranja daftari na kugeuza kazi: kila siku anaandika matendo mawili mema aliyoyaona, kwa jina na mahali, na hawezi kumwandika mtoto yuleyule mara mbili kwa wiki. Siri iko kwenye sharti hilo la mwisho. Ikifika Alhamisi rafiki zake wameisha, inabidi aanze kuwatazama wale wa nyuma wasiosema. Ijumaa nayasoma, darasa linapiga makofi matatu kwa kila jina, basi.

Kuna mtoto alisikia jina lake likisomwa kwa jema kwa mara ya kwanza mwezi wa tatu wa utaratibu huu. Aliinuka akidhani ameitwa kuchapwa.

Hatua ya 6: Mtoto anapomkosea mwenzake

Usiwaburute wote wawili na kuwaamuru "Shikaneni mikono, semeni samahani". Samahani ya amri ni kelele tu. Waache wapoe kwanza, mmoja afagie upande huu, mwingine ule. Kisha uliza maswali matatu, kwa sauti ya kawaida: Kimetokea nini? Nani ameumia, na ameumiaje? Utarekebishaje?

Jibu la swali la tatu lilingane na uharibifu. Aliyemwaga uji wa mwenzake anagawana naye wa kwake. Aliyechana daftari analigundisha na kunakili ukurasa uliopotea. Watoto wenyewe hujipangia adhabu kali mno ukiwaachia, kwa hiyo kazi yako mara nyingi itakuwa kupunguza.

Majina ya kudhalilisha nayashughulikia tofauti. Mtoto mwenye ualbino akiitwa zeruzeru, au anayechechemea akiigizwa mwendo, silipeleki mbele ya mstari, maana nikilitamka neno hilo kwenye kipaza sauti nimelisambaza mimi. Namwita aliyelisema peke yake, na yule aliyeumizwa namuuliza anataka nini kifanyike. Mmoja aliniambia: "Nataka tu nikae mbele, nione ubao." Watoto wenye ualbino wengi macho yao hayaoni mbali, muda wote tulikuwa tukipambana na jina huku tumemkalisha dawati la nyuma.

Mpaka uwe wazi hapa. Mtoto akikueleza kwamba amepigwa na kuumizwa na mtu mzima, au ameguswa vibaya, au anatishiwa, hatua hii haihusiki kabisa. Usimpatanishe na mtu, usimhoji mara nne, usimwahidi kuficha. Msikilize, mwambie amefanya vizuri kusema, peleka suala kwa mwalimu mkuu na afisa ustawi wa jamii siku hiyo hiyo. Dawati la jinsia na watoto la polisi lipo kwa ajili hiyo. Kama aliyetajwa yumo humo humo shuleni, usianzie ofisini: namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, haina malipo, Tanzania na Kenya pia.

Hatua ya 7: Walimu wenzako

Hii ndiyo ngumu, na nimeiweka ya saba kwa sababu ukianza nayo hutafika popote. Watoto hawasikilizi tunachosema kuhusu wema. Wanatazama namna mwalimu wa zamu anavyomwita mpishi, na namna anavyoshika fimbo.

Kuhusu fimbo, tuijue kwanza sheria. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania Bara kanuni bado zinaviruhusu, lakini visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Sasa linganisha na kinachofanyika bombani saa nne, mwalimu akipita na fimbo kwapani, anachapa mgongo wowote ulio karibu. Hiyo haimo kwenye kanuni yoyote.

Kwa wanaosema bila fimbo shule haiendi, huwa nataja Uganda. Katika wilaya ya Luwero shule za msingi 42 ziligawanywa. Nusu zilipewa mpango wa kubadili mazingira ya shule nzima, walimu na wanafunzi pamoja. Matokeo yalichapishwa 2015: kwenye shule za mpango, wanafunzi 31 kati ya 100 walisema walipigwa na mtumishi wa shule wiki iliyopita, kwenye zile nyingine, 49. Thelathini na mmoja bado ni wengi, sikatai. Ila shule hazikusambaratika.

Ofisini sikwenda na hotuba. Niliomba kitu kimoja: kwa wiki moja, mwalimu wa zamu aje bombani mikono mitupu. Mwalimu mmoja wa siku nyingi akaniambia, "Mwalimu, hawa watatupanda kichwani." Nikamwomba wiki hiyo iwe zamu yake. Ijumaa aliandika kwenye daftari la zamu "Hali shwari", hakuongeza neno. Fimbo hakuiacha kabisa, ila bombani haji nayo tena.

Wazazi tuliwaita mwisho, kwenye kikao cha kawaida. Wengi watakwambia "Mchape tu, mwalimu, wewe ndiye mzazi wake." Usibishane nao. Tuliwaonyesha igizo la watoto wenyewe, tukawaomba jambo moja: jioni wamuulize mtoto leo kamsaidia nani, kabla ya kuuliza kapata ngapi.

Hatua ya 8: Hesabu, na usiogope namba zikipanda

Kila Alhamisi mtu mmoja akae karibu na bomba, apige vijistari kwenye daftari: misukumano mingapi, misaada mingapi. Siku moja kwa wiki inatosha. Taarifa za ugomvi zinazoletwa ofisini uzihesabu pembeni, na ujue kwamba mwezi wa kwanza zitaongezeka. Kwetu ziliongezeka hadi mwalimu mkuu akauliza ninafanya nini na shule yake. Watoto walikuwa wameanza kusema yale waliyozoea kunyamazia.

Likizo ya Desemba hufuta nusu ya kazi. Januari wanaingia wa awali wapya, hawajui foleni ni nini, na wakubwa wamesahau. Rudia hatua ya nne bila kulalamika. Mwaka huu niliwaachia darasa la nne wawafundishe. Walipanga igizo wenyewe, wakagawana nafasi, nikasimama pembeni nikidhani nimestaafu. Msichana mmoja akanifuata na ndoo tupu, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Mwalimu," akasema, "wewe bado ni mkorofi."