SOMO: Umeshtakiwa jimbo ambalo huishi hapa Marekani? Soma hii kabla hujajibu chochote

Wadau salaam. Hii ni kwa tulioko Marekani. Bahasha ya mahakama ikitoka jimbo lingine, wengi wetu tunaitupa, "mi siishi huko watanifanya nini", au tunapaniki na kujibu kila kitu kwa mkupuo. Yote mawili yanaweza kukutokea puani. Naongelea kesi za madai tu, jinai ni habari nyingine.

Hatua ya 1: Hesabu siku. Mahakama za shirikisho kwa kawaida zinakupa siku 21 toka ukabidhiwe samansi, za majimbo zinatofautiana, so soma karatasi yako mwenyewe usimuulize shemeji. Ukinyamaza mdai anaomba hukumu ya upande mmoja halafu anakufuata nayo jimbo lako, maana katiba inayataka majimbo yaheshimu hukumu za wenzao, unashtukia mshahara unakatwa. Ni kweli hapo bado unaweza kudai ile mahakama haikuwa na mamlaka juu yako, ila umebaki na hoja hiyo moja tu, ikigonga mwamba basi, deni lenyewe ulikuwa nalo au hukuwa nalo hakuna wa kukusikiliza. Kamari hiyo simshauri mtu.

Hatua ya 2: Una uhusiano gani na hilo jimbo? Hapa ndo penye nyama. Jimbo lako la makazi linaweza kusikiliza kesi yoyote dhidi yako. Kampuni ni pale ilipoundwa na yalipo makao makuu. Nje ya hapo tunarudi kwenye kesi ya 1945 ya International Shoe, kampuni ya viatu ya St. Louis, haikuwa na ofisi jimbo la Washington ila ilikuwa na mawakala wa mauzo kule, Mahakama ya Juu ikasema inatosha, mtu anaweza kushtakiwa jimbo la mbali kama ana uhusiano wa kutosha nalo na haitakuwa uonevu kumwita. Na uhusiano huo uwe umeutengeneza wewe, na kesi iwe inahusiana nao.

Sasa linganisha hizi mbili. Familia ilinunua Audi New York, wakiwa safarini kuhamia Arizona wakagongwa Oklahoma gari likashika moto. Mwaka 1980 mahakama ikasema muuzaji wa New York hawezi kuvutwa Oklahoma, hakuwa na biashara kule, gari lilipelekwa na mteja. Halafu 2021 Ford nao wakaleta hoja kama hiyo, kwamba magari yaliyopata ajali Montana na Minnesota hawakuyauza kule mwanzoni, wakashindwa, kwa sababu wao wanatangaza na kuuza modeli hizo hizo kule kila siku. Kwa hiyo swali ni wewe ulilifuata soko la kule au la.

Hatua ya 3: Angalia sheria ya jimbo husika, ile wanayoita ya mkono mrefu, inayosema ni lini mahakama zake zinaweza kumwita mtu wa nje ya jimbo. California inakwenda hadi mwisho wa kile katiba inachoruhusu, New York imeorodhesha mambo yanayoweza kukufanya uitwe kule. Hapa wakili ni muhimu.

Hatua ya 4: Je ulikubali mwenyewe? Mkataba ukisema kesi zote Florida, ujue umeshakubali. Mama mmoja wa jimbo la Washington aliteleza kwenye meli ya Carnival, tiketi ilisema Florida, 1991 akaambiwa nenda Florida. Yale maandishi madogo tunayobonyeza "nakubali" ndo hayo.

Hatua ya 5: Pingamizi la mamlaka liwe la KWANZA. Mahakama za shirikisho, ukiwasilisha ombi lingine la kufuta kesi au majibu yako bila kulitaja, umelipoteza. Majimbo mengine yana masharti makali zaidi, so usipeleke karatasi yoyote kabla.

MASWALI YA WADAU

Mdau: Kaka mi dereva wa lori, naishi Ohio, ajali Indiana. Wanaweza kunishtaki Indiana?
Jibu: Ndiyo, tena bila shida. Madereva wa nje ya jimbo walishaamuliwa toka 1927. Ijulishe bima yako leo.

Mdau: Nauza vitenge online nipo Texas, mteja wa Oregon anatishia kunishtaki kwao.
Jibu: Dada, tovuti kufunguka Oregon peke yake haitoshi. Ila kama unatuma mizigo kule mara kwa mara na kesi ni ya mzigo uliomtumia, pingamizi lako litakuwa jembamba.

Mdau: Mke wangu kahamia California na watoto, mi niko New York. Anadai matunzo huko.
Jibu: Kuna kesi ya 1978 inafanana sana na yako, baba wa New York alishinda, kumruhusu mtoto akaishi California hakukutosha. Talaka yenyewe anaweza kuipata kule anakoishi, hela ndo shida. Lakini matunzo hujayakwepa mzee, anaweza kuyadai kupitia New York.

Mdau huyo huyo: Na nikienda kuwaona watoto?
Jibu: Ukikabidhiwa samansi ukiwa mwenyewe ndani ya California imekula kwako, 1990 baba wa New Jersey alikabidhiwa hivyo hivyo alipoenda kuwaona wanawe, na Mahakama ya Juu ikasema ni halali. Ongea na wakili kabla ya kukata tiketi.