Somo: Kufunga supachaja ya mtumba kwenye Mazda MX-5 ya 1990

Wakuu, tuelewane kwanza: supachaja ni pampu inayozungushwa na mkanda wa injini ili kulazimisha hewa zaidi iingie kwenye injini; si kompresa ya AC. Nilipoenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar, kuulizia, nililetewa kompresa za AC tano mfululizo mpaka kijana mmoja akashtuka, "Aah, unataka ile ya Benzi!" Hiyo hiyo. Benzi C-Class zenye maandishi Kompressor nyuma zimejaa mjini, na injini ikifa, supachaja mara nyingi hubaki nzima, imelala kwenye kona ya duka ikila vumbi. MINI Cooper S za 2002 hadi 2006 nazo zinayo. Yangu ni Eaton M45. Hiyo 45 ni inchi za ujazo, yaani kila mzunguko mmoja inasukuma hewa karibu lita 0.74.

Gari ni MX-5 ya kwanza kabisa, ile ambayo Japani iliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Injini ni ya lita 1.6, nguvu za farasi 120 kwa hesabu ya Wajapani.

Hatua ya 1: Kabla hujatoa hata shilingi, kagua kranki

Watu wengi wanairuka hatua hii. MX-5 za mwanzo, hadi katikati ya 1991, zina kranki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) yenye pua fupi, yaani ncha ya mbele inayoshika puli. Ufunguo wa puli (kipande cha chuma kinachoizuia isiteleze) hulegea, tundu lake hulika, na siku moja puli inacheza kama meno ya mtoto. Tazama kitovu cha puli ya kranki kilivyokatwa: nafasi 4 ni pua fupi, nafasi 8 ni pua ndefu. Supachaja inavuta mkanda kutoka kwenye pua hiyo hiyo, kwa hiyo pua fupi ikishaanza kucheza, usiendelee. Tafuta injini ya pua ndefu.

Pima na kompresheni, yaani mgandamizo wa kila silinda. Silinda zikitofautiana zaidi ya bar 2, shughulikia injini kwanza.

Hatua ya 2: Kuchagua supachaja

Izungushe kwa mkono. Iende laini, bila kukwaruza. Ikigongagonga puani, ni kiungo cha ndani kimechoka. Kinabadilishwa, kwa hiyo tumia kasoro hiyo kuomba bei ipungue. Eaton ina oili yake yenyewe puani, haichukui kutoka kwenye injini. Mwaga ya zamani (inanuka vibaya, usifanyie sebuleni) uweke mpya inayotakiwa, bila kuijaza kupita kiasi.

Hatua ya 3: Hesabu ya puli

Injini ya 1.6 inavuta hewa lita 0.8 kila kranki ikizunguka mara moja, kwa sababu silinda inavuta mara moja katika mizunguko miwili. Fundi wa kukereza vyuma alinichongea puli ya kranki ya milimita 128, na ya supachaja milimita 80. Gawanya, unapata 1.6. Zidisha kwa 0.74, unapata karibu lita 1.18 zinazolazimishwa kuingia mahali pa 0.8. Kwenye karatasi ni karibu bar 0.5 za ziada. Kwenye geji nilipata 0.3, kwa sababu hewa nyingine huvuja kurudi nyuma katikati ya rota. Anza na puli kubwa ya supachaja. Kuipunguza baadaye ni kazi ya saa moja, lakini pistoni iliyopasuka hairudi.

Hatua ya 4: Kishikilio

Kata boksi la karatasi ngumu kwanza, jaribu, kata tena. Kikikaa sawa ndipo uhamishie kwenye bamba la chuma la milimita 10. Puli zote ziwe kwenye mstari mmoja. Mimi niliweka rula ndefu ya chuma juu ya nyuso zake.

Hatua ya 5: Njia ya hewa

Chujio, kisha kipima hewa, kisha throto (kilango cha pedali ya mafuta), kisha supachaja, mwisho manifoldi (mabomba ya kuingiza hewa kwenye silinda). Usisahau vali ya kupitisha hewa pembeni: ukiendesha polepole, hewa inazunguka bila kubanwa, na supachaja haipati moto wala haili mafuta bure.

Hatua ya 6: Mafuta na taimingi

Hapa ndipo nilipoua injini yangu ya kwanza. Nilibaki na kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya kiwandani. Kipima hewa cha MX-5 1.6 ni kilango kinachosukumwa na hewa, na kikishafunguka chote hakina cha kuongeza. Hewa inazidi, boksi haijui, petroli inabaki ile ile. Injini ikaanza kugonga, mimi nikadhani ni kelele ya mkanda. Pistoni ya tatu ikavunjika ukingo wa ringi.

Mara ya pili nikafunga Speeduino, kontroli boksi unayojipangia mwenyewe. Inasoma presha ya manifoldi, kwa hiyo kile kilango nikakitupa. Nikaweka nozeli kubwa zaidi na sensa ya oksijeni ya masafa mapana. Presha ikipanda nataka sehemu 11.5 hadi 12 za hewa kwa 1 ya petroli, na taimingi (wakati wa plagi kupiga cheche) irudi nyuma. Kabla ya kuitoa kontroli boksi ya kiwandani, unganisha pini za TEN na GND kwenye kiboksi cha majaribio chini ya boneti, hakikisha taimingi ya msingi ni nyuzi 10.

Maswali

Mkuu, intakula (kipoza hewa kabla haijaingia kwenye injini) ni lazima?
Kwa bar 0.3 unaweza kuishi bila. Lakini kwa joto la Dar, ukitoka kwenye foleni utaona mbio za kwanza zimelegea. Ukivuka bar 0.4, funga.

Kaka, si bora tabo (turbo, inayozungushwa na moshi wa ekzosi)?
Tabo inataka manifoldi mpya ya ekzosi, paipu ya oili, na tundu la kurudishia oili kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini). Supachaja inakupa nguvu tangu chini, ila nayo inakula nguvu ya kranki kupitia mkanda. Mimi sina mashine nzuri ya kulehemu ekzosi, basi.

Nina Vitz, naweza?
Mdogo wangu, nunua matairi mazuri na breki.

Bima wanasemaje?
Waambie kwa maandishi kabla ya kufunga. Ukinyamaza, ajali ikitokea umewapa sababu ya kukataa kulipa.

Yangu inapanda vizuri hadi mizunguko 5,000, kisha presha inashuka na mkanda unapiga kelele.
Mkanda unateleza. Angalia kikaza mkanda kipo upande gani: kinatakiwa upande uliolegea, ule unaotoka kwenye puli ya kranki kuelekea supachaja, siyo upande unaovutwa. Ukishakihamisha, kisogeze mkanda ukumbatie angalau nusu ya puli ndogo. Ukiendelea kuteleza, pima tena na ile rula ya chuma.