Jumba Kuu: kusahihisha faili ndani ya Tomcat bila kupandisha WAR upya

Mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, foleni iko mlangoni. Dada wa kaunta ananipigia: "Kaka, risiti imeandika Jumba Kuu, shilingi 45,000. Mteja anauliza funguo ziko wapi." Ilitakiwa iwe Jumla Kuu. Nikipandisha upya WAR (kifurushi cha programu nzima) kwa ajili ya herufi moja, makarani wote watatolewa nje ya mfumo katikati ya malipo. Kwa hiyo naibadilisha faili ya risiti peke yake, seva ikiendelea na kazi.

Seva yetu ni Tomcat 9 (inaendesha programu za wavuti za Java) juu ya Ubuntu, imewekwa kwa apt, kisakinishi cha Ubuntu, hivyo programu inakaa /var/lib/tomcat9/webapps/malipo. Angalia kwanza kama folda hiyo ipo. Ukikuta malipo.war peke yake, huenda server.xml (faili ya mipangilio ya Tomcat) ina unpackWARs="false", na hapo njia hii haikufai.

Ukurasa wa risiti, risiti.jsp (JSP ni ukurasa wenye Java ndani yake), usiuhariri ukiwa ndani ya folda hiyo. Unakili kwenye folda yako ya nyumbani, usahihishe, kisha:

sudo cp risiti.jsp /var/lib/tomcat9/webapps/malipo/WEB-INF/risiti.mpya
cd /var/lib/tomcat9/webapps/malipo
sudo chown tomcat:tomcat WEB-INF/risiti.mpya
sudo mv WEB-INF/risiti.mpya risiti.jsp

Mv ndani ya diski moja hubadilisha faili kwa mkupuo, hakuna atakayepata ukurasa nusu. Napitia WEB-INF kwa sababu Tomcat haimpi mtu wa nje chochote kilichomo humo. Ukiacha risiti.jsp.bak pale juu, anayebahatisha jina lake atasoma msimbo (code) wako wote kama maandishi ya kawaida.

Baada ya hapo subiri kidogo. Tomcat isipoguswa mipangilio yake huangalia kama JSP imebadilika, si zaidi ya mara moja kila sekunde 4, kisha huikompaili upya. Ombi la kwanza litavuta miguu. Usipoona badiliko, fungua /etc/tomcat9/web.xml. Kama kigezo development ni false na checkInterval ni 0, JSP ikishakompailiwa haiangaliwi tena mpaka programu ianzishwe upya.

CSS (faili za mwonekano) na picha hazina shida. Tomcat huzishika kwenye kumbukumbu sekunde 5 tu. Mkaidi ni kivinjari cha karani, kinachoshikilia nakala ya zamani, basi ongeza ?v=2 kwenye kiungo.

Darasa za Java ni habari nyingine. Kilichoko WEB-INF/classes na WEB-INF/lib kimeshapakiwa, na kubadilisha faili hakubadilishi kitu mpaka programu ipakiwe upya. Hata neno lililo ndani ya messages.properties (faili ya maandishi ya programu) huwa limeshashikwa. Nilipoteza nusu saa hapo nikidhani nimekosea folda. Ukiweka reloadable="true" kwenye Context (mipangilio ya programu hiyo) itajipakia yenyewe, lakini hiyo iache kwenye mashine ya majaribio. Autodeploy (Tomcat kupandisha programu yenyewe ikiona badiliko) ikiwa imewashwa, kugusa web.xml kwa touch pia huipakia upya programu, na Tomcat hujaribu kuhifadhi sesheni na kuzirudisha, mradi vilivyomo ni Serializable, yaani Java inaweza kuviandika kwenye diski. Vyetu havikuwa. Mambo ya darasa nayasubirisha mpaka usiku.

Sasa kilichoniumiza kweli. Nilisahihisha kurasa kadhaa hivi kwa wiki tatu, nikijiona fundi. Siku niliyoweka WAR mpya, Tomcat ilifuta folda nzima ikafungua upya kutoka kwenye WAR, na Jumba Kuu likarudi kaunta. Tangu hapo sinywi chai kabla badiliko halijaingia Git, hifadhi yetu ya msimbo. Na nakala ya WAR iliyo nyumbani naisahihisha siku hiyo hiyo:

jar uf malipo.war risiti.jsp

Nimesema ya nyumbani. Ile iliyo ndani ya webapps ukiigusa, autodeploy itaona tarehe imebadilika na kupandisha programu upya hapo hapo, foleni ikiwa bado mlangoni.