Kusafisha rejista ya imeji za kontena bila kugusa zinazotumika

Diski ya rejista (seva inayohifadhi imeji, yaani vifurushi ambavyo kontena huanzishwa navyo) ikijaa, wengi hufuta imeji za zamani, kisha hushangaa kuona nafasi haijarudi. Si hitilafu. Katika rejista ya Distribution (ile ya `registry:2`), tagi ni jina tu linaloelekeza kwenye manifesti. Manifesti ni faili dogo lenye orodha ya matabaka, na matabaka hayo, yaani blobu, ndiyo yanayokula diski. Tabaka moja linaweza kutumiwa na imeji nyingi, kwa hiyo rejista hailifuti papo hapo. Kwanza unaondoa manifesti, kisha unaendesha uzoaji taka (garbage collection), unaofuta blobu zisizotumiwa na manifesti yoyote.

Katika mifano hii kontena inaitwa `rejista`, data iko kwenye volyumu `rejista-data`, poti ni 5000, na imeji tunayoifuta ni `malipo` yenye tagi `1.4`.

Hatua ya 1: Fungua ruhusa ya kufuta

Ufutaji huwa umezimwa. Ukijaribu, seva inakujibu 405. Anzisha kontena ikiwa na `REGISTRY_STORAGE_DELETE_ENABLED=true`. Pima pia ukubwa wa sasa ili baadaye uwe na cha kulinganisha:

```
docker exec rejista du -sh /var/lib/registry
```

Hatua ya 2: Pata dajesti ya manifesti

```
curl -sI \
 -H "Accept: application/vnd.oci.image.index.v1+json" \
 -H "Accept: application/vnd.oci.image.manifest.v1+json" \
 -H "Accept: application/vnd.docker.distribution.manifest.list.v2+json" \
 -H "Accept: application/vnd.docker.distribution.manifest.v2+json" \
 http://localhost:5000/v2/malipo/manifests/1.4
```

Unachotaka ni mstari wa `Docker-Content-Digest`: dajesti ni alama ya kipekee (`sha256:...`) inayotokana na yaliyomo kwenye manifesti. Usione uvivu kuandika vichwa vyote vinne. Ukiviacha, toleo la 2 linaweza kukupa dajesti ya muundo wa kale, ukaitumia kufuta na kuambiwa manifesti haijulikani.

Kabla ya kufuta, angalia tagi nyingine za imeji hiyo hiyo kupitia `/v2/malipo/tags/list`. Ufutaji unafuata dajesti, si tagi. Kama `1.4` na `latest` zinaelekea kwenye manifesti moja, zote mbili zitaondoka kwa amri moja, na hakuna onyo lolote. Hapa ndipo ninapowasihi watu wasiandike skripti ya haraka: skripti yoyote ya kufuta lazima kwanza ikusanye dajesti za tagi zinazobaki, kisha iruke kila dajesti iliyomo kwenye orodha hiyo.

Hatua ya 3: Futa manifesti

```
curl -X DELETE http://localhost:5000/v2/malipo/manifests/sha256:...
```

Jibu sahihi ni 202. Diski bado haijapungua.

Hatua ya 4: Simamisha rejista, ufanye jaribio

Mtu akisukuma imeji (push, yaani kuipakia kwenye rejista) wakati uzoaji unaendelea, matabaka yake yanaweza kufika kabla ya manifesti. Mzoaji atayaona hayana mwenyewe na kuyafuta, na imeji itabaki mbovu. Nafuu ni kuisimamisha rejista kabisa. Ikiwa huwezi, iweke katika hali ya kusoma tu kwenye faili la usanidi.

```
docker stop rejista
docker run --rm -v rejista-data:/var/lib/registry registry:2 \
 garbage-collect --dry-run /etc/docker/registry/config.yml
```

Kwenye toleo la 3 faili hilo liko `/etc/distribution/config.yml`. Na kama data yako iko S3 (hifadhi ya mtandaoni ya Amazon), mpe mzoaji faili lile lile la usanidi linalotumiwa na rejista. Mwishoni utaona idadi ya blobu zinazobaki na zinazostahili kufutwa. Isome kabla ya kuendelea.

Kuna chaguo la `--delete-untagged`. Mifumo inayosukuma `latest` kila mara huacha nyuma manifesti zisizo na tagi, na bila chaguo hili matabaka yake huhesabiwa kuwa yanatumika. Linavutia, lakini kwenye toleo la 2 ni la hatari kwa imeji za majukwaa mengi: manifesti ya amd64 na ya arm64 hazina tagi zao wenyewe, maana tagi iko kwenye faharasa iliyo juu yake (manifesti inayoorodhesha manifesti za kila jukwaa), na mzoaji anaweza kuzifuta zikiwa bado zinahitajika. Ukiwa na imeji za namna hiyo, au ukiwa unapeleka programu kwa dajesti badala ya tagi, achana nalo.

Hatua ya 5: Zoa kweli

Rudia amri ile bila `--dry-run`, kisha `docker start rejista`. Kuwasha upya kunafuta pia kashe (nakala za muda) iliyo kwenye kumbukumbu; bila hivyo rejista inaweza kudai tabaka lipo ilhali limekwisha kufutwa. Kama kashe yako iko kwenye seva ya Redis, isafishe mwenyewe.

Pima tena kwa `du`. Jina la hifadhi (kwa mfano `malipo`) uliyoifuta imeji zake zote litaendelea kuonekana kwenye `/v2/_catalog`, kwa sababu folda yake tupu chini ya `repositories` haiondolewi. Ukitaka lipotee, ifute kwa mkono rejista ikiwa imezimwa. Mabaki ya upakiaji uliokatika njiani yaliyo ndani ya `_uploads` usihangaike nayo: rejista huyaondoa yenyewe yakipitisha saa 168.